Viongozi wa dini mbalimbali wanapokutana: mwongozo kwa wanaoandaa

Mikutano ya namna hii mara nyingi huharibika kwa mambo madogo. Mkono umenyooshwa ukaachwa hewani. Chai imeletwa wakati nusu ya waalikwa wamefunga. Mtu ameweka glasi ya maji juu ya kitabu kitakatifu. Mshereheshaji, kwa nia njema kabisa, amesema: "Sasa tushikane mikono tuombe." Baada ya hapo hotuba zinaweza kuwa nzuri mpaka mwisho, lakini kuna mtu anayehesabu dakika za kuondoka.

Kanuni moja inabeba mengine yote yaliyomo humu: mgeni asiwekwe mahali ambapo atalazimika kuchagua, mbele ya watu, kati ya kuitii imani yake na kumheshimu mwenyeji. Kila hatua ipimwe kwa kanuni hiyo. Ukiona jambo fulani kwenye ratiba linaweza kumfikisha mtu njia panda hiyo, liondoe, au mtaarifu mapema ili awe na nafasi ya kukataa faraghani.

Kazi ianze wiki 6 hadi 8 kabla. Chini ya hapo utapata watu, ila hutapata majibu ya maswali unayopaswa kuwauliza.

Hatua ya 1: Jua nani anawakilisha nani

Dini hazina ngazi zinazolingana, na hapa ndipo waandaaji wengi wanapoteleza bila kujua. Askofu ana jimbo au dayosisi, na akisema anasema kwa niaba yake. Imamu anaongoza sala, mufti anatoa fatwa, kadhi anaamua mashauri. Ni kazi tofauti, ingawa mtu mmoja anaweza kuzibeba mbili. Rabi kimsingi ni mwalimu na mjuzi wa sheria. Kwa Wahindu, pandit anayeendesha ibada hekaluni si lazima awe msemaji wa jumuiya. Mara nyingi mwenyekiti wa kamati ya hekalu ndiye mwenye mamlaka ya kujibu barua. Kwa Masingasinga, granthi husoma na kutunza Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, lakini kamati ya gurdwara, nyumba yao ya ibada, ina uongozi wake. Wabahai hawana makasisi hata mmoja: wanaongozwa na mabaraza yanayochaguliwa kwa kura, kwa hiyo anayekuja ni mjumbe wa baraza, na kumwandikia "Mchungaji" au "Shehe" ni kosa.

Piga simu ofisi ya kila taasisi na uulize swali hili: "Kwa shughuli ya ngazi hii, nani anafaa kualikwa, na jina na cheo chake vinaandikwaje?" Andika jibu herufi kwa herufi, kisha lisome upya kwenye simu. Kardinali huitwa Mwadhama na askofu wa Kikatoliki Mhashamu. Makanisa mengine hupendelea Baba Askofu. Masheikh wakubwa wana heshima zao zinazotangulia jina. Usikisie. Cheo alichopewa mtu na dini yake ndicho kinachosomwa ukumbini, na mwenyeji hana kazi ya kukipima. Hilo linawahusu hasa wachungaji na maaskofu wanawake. Wapo waalikwa ambao dini zao hazitambui mwanamke kuwa kasisi, lakini kwenye kibao cha jina na kwenye kipaza sauti anabaki na cheo alichopewa na kanisa lake.

Wazee wa dini za jadi wana malalamiko ya haki kabisa. Huitwa kupamba ufunguzi, kwa ngoma au kwa kumwaga kinywaji cha tambiko, kisha wanaonyeshwa kiti cha nyuma. Kama mzee amealikwa, apewe kiti mezani, kibao chenye jina lake, na dakika zilezile walizopewa wengine. Kama hilo haliwezekani, heri kutomwalika kuliko kumfanya burudani.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Chukua kalenda na ufute siku hizi kwanza:

- Ijumaa mchana, kwa sababu ya sala ya Ijumaa.
- Kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku. Ni Sabato ya Wayahudi, na Waadventista Wasabato huishika hadi jua la Jumamosi linapozama. Myahudi anayeshika Sabato kwa ukamilifu haendeshi gari, haandiki, hatumii simu wala hapigi picha, kwa hiyo hata "kikao kifupi tu" hakimfai.
- Jumapili asubuhi.
- Siku za mfungo mkubwa: Ijumaa Kuu, Yom Kippur ya Wayahudi (saa 25 bila chakula wala maji), na kumi la mwisho la Ramadhani, ambapo wengi huzidisha ibada usiku.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Wiki ya Umoja wa Mataifa ya Maelewano kati ya Dini, iliyopitishwa mwaka 2010, huadhimishwa juma la kwanza la Februari, na wengi hupanga mikutano yao humo kwa mazoea. Mwaka 2028 juma hilo linatarajiwa kuangukia ndani ya Ramadhani. Ukitaka kulitumia, ratiba ya chakula ibadilike yote.

Usidhani pia kwamba Pasaka ni moja. Mwaka 2025 Wakristo wa Magharibi na Waorthodoksi waliisherehekea siku moja, Aprili 20. Mwaka 2027 wa Magharibi watakuwa nayo Machi 28 na Waorthodoksi Mei 2. Mkutano wa katikati ya Aprili 2027 utamkuta padre wa Kiorthodoksi bado yuko kwenye Kwaresima, hali wengine wamekwishasahau yao. Wabahai hufunga siku 19 mwezi Machi, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama.

Kwa saa, muda unaowafaa wengi ni saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, siku ya Jumanne au Jumatano. Kikao kinamalizika kabla ya adhuhuri, na mtawa wa Kibudha wa mapokeo ya Theravada, ambaye hali chakula kigumu baada ya jua la utosi, anapata nafasi ya kula akiruhusiwa kutoka saa 5:00 asubuhi. Kikao kikivuka adhuhuri, weka mapumziko ya dakika 30. Kumi na tano hazitoshi: mtu anahitaji kutoka, kutia udhu, kusali na kurudi. Sala ya Magharibi ina muda mfupi zaidi, kwa hiyo kikao cha jioni kisimame papo hapo jua linapozama. Msafiri katika Uislamu anayo ruhusa ya kufupisha baadhi ya sala na kuziunganisha, lakini si kazi ya mwandaaji kumkumbusha shehe ruhusa hiyo ili kuokoa ratiba.

Hatua ya 3: Barua na maswali

Barua ya mwaliko itaje waalikwa wote kwa vyeo vyao, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kama kutakuwa na waandishi wa habari, na kama kutakuwa na sala ya aina yoyote. Kumficha mtu nani atakaa naye ni kumtega. Akijua mapema akakataa, umepoteza mgeni mmoja. Akigundua mlangoni, umempoteza yeye na jumuiya yake.

Ambatanisha karatasi ya maswali. Saba yanatosha:

1. Jina na cheo kama vitakavyosomwa.
2. Chakula usichokula, na kama una mfungo siku hiyo.
3. Je, utahitaji mahali pa sala, na saa ngapi?
4. Je, uko radhi kusali au kusoma maandiko ya dini yako mbele ya wengine? Kwa lugha gani?
5. Je, uko radhi kupigwa picha na kurekodiwa, hata wakati wa sala?
6. Ungependa kusalimiwaje?
7. Je, kuna kitendo chochote ambacho dini yako haikuruhusu kushiriki, kama kuwasha mshumaa au taa, kuvishwa shada, kunyunyiziwa maji, kushikana mikono?

Swali la 7 ndilo linalookoa shughuli. Watu hulijibu kwa uwazi kwenye karatasi kuliko ana kwa ana, na majibu yakija, mambo matatu au manne hufutika kwenye ratiba bila mtu yeyote kuonekana mkaidi. Wasiorudisha karatasi wapigiwe simu na mtu wa umri na heshima inayofaa, si kijana wa kujitolea aliyepewa orodha ya namba.

Hatua ya 4: Ukumbi

Viti viwe vya kimo kimoja na aina moja. Meza ya duara au ya umbo la U ndiyo bora. Mpangilio ufuate alfabeti ya majina, na sababu hiyo iandikwe juu ya ratiba: "Viongozi wameketi kwa mpangilio wa alfabeti." Sababu ikishajulikana, hakuna anayehesabu viti kutoka katikati. Kama ni jukwaani na viti viko mstari mmoja, kiti cha katikati akalie mwongozaji wa mazungumzo. Mtawa wa Theravada kwa desturi hakai chini zaidi ya waumini wa kawaida. Uliza msaidizi wake.

Vitabu vitakatifu vina adabu zake, na hazifanani. Msahafu uwekwe juu ya marfaa (kibao cha kuwekea kitabu), usiwe sakafuni, usiwe chini ya kitabu kingine, na usipewe mhudumu wa ukumbi kuubeba, kwa kuwa kwa wanazuoni wengi wa Kiislamu hushikwa na mwenye udhu. Guru Granth Sahib haiwekwi mezani pamoja na vitabu vingine hata kidogo. Kwa Masingasinga ni Guru aliye hai: hubebwa kichwani, huketishwa juu ya kiti chake chini ya chandarua, na huwa na mhudumu. Gombo la Torati nalo halitolewi sinagogi kwa ajili ya maonyesho. Kwa hiyo lile wazo la meza moja yenye "vitabu vyote vya dini" kwa ajili ya picha liachwe. Kila msomaji aje na andiko lake kwenye karatasi au kitabu kidogo.

Bango lenye alama zote za dini kwenye duara nalo huleta manung'uniko: alama fulani imesahauliwa, nyingine iko juu kabisa, na wapo Waislamu wasiokubali kwamba mwezi na nyota ni nembo ya dini yao. Bango la maneno matupu halimkosei mtu. Ukumbi ukiwa ni wa kanisa au wa hekalu, alama zake zibaki zilipo. Nyumba ya watu haivuliwi nguo kwa sababu ya wageni. Waalikwa waambiwe tu mapema.

Chumba cha sala: kiwe safi, kimya, bila picha za watu au sanamu ukutani, viatu viachwe mlangoni. Kila anayesali anahitaji nafasi ya takriban sentimita 60 kwa 120. Tafuta kibla kwa dira siku moja kabla na ukibandike kwa utepe sakafuni. Mshale wa karatasi ukutani hudondoka. Maji ya udhu yawe karibu, na pawe na kiti cha mzee asiyeweza kuinua mguu hadi kwenye sinki. Weka taulo za karatasi na kitambaa kikavu cha kufutia sakafu, maana utelezi wa maji ya udhu umewaangusha wazee wengi.

Zungumza na walinzi. Singasinga aliyepokea amrit, yaani aliyeingizwa rasmi katika imani kwa ibada maalumu, huvaa kirpan, kisu kidogo cha imani, muda wote, na kilemba chake hakivuliwi kwa ukaguzi wa kawaida. Kama sheria za jengo zinazuia kirpan, jambo hilo lizungumzwe naye wiki kadhaa kabla, si mbele ya mashine ya ukaguzi huku foleni ikimwangalia.

Hatua ya 5: Mapokezi na salamu

Weka wapokeaji wawili mlangoni, mwanamume na mwanamke, waliosoma majibu ya swali la 6. Kanuni yao ni kusubiri: mgeni akinyoosha mkono, mpokee, asiponyoosha, weka kiganja cha kulia kifuani na uinamishe kichwa kidogo. Waislamu wengi na Wayahudi wa Kiorthodoksi hawashikani mikono na wa jinsia nyingine wasio jamaa zao. Mtawa wa Theravada haguswi na mwanamke, na kitu anachopewa na mwanamke huwekwa mezani au juu ya kitambaa, yeye akakichukua.

Itatokea tu kwamba mtu amesahau. Mchungaji mwanamke ananyoosha mkono kwa shehe; shehe anaweka kiganja kifuani, anatabasamu, anainamisha kichwa. Ni sekunde mbili. Mchungaji akiushusha mkono na kuuweka kifuani kwake vilevile, jambo limekwisha na hakuna aliyeona. Akiuacha hewani, au mtu wa pembeni akicheka na kusema "shehe hashiki mikono ya wanawake," limekuwa tukio. Wapokeaji wafanyishwe zoezi hilo la kushusha mkono kabla ya siku yenyewe.

Pete ya askofu hubusiwa na waumini wake wanaotaka. Hakuna mgeni anayetarajiwa kufanya hivyo. Namaste, viganja viwili vikikutana mbele ya kifua, ni salamu inayowafaa Wahindu, na Wabudha wengi wana salamu inayofanana nayo.

Kwenye kipaza sauti kuna mazoea ya kumwaga salamu zote kwa mfululizo: asalamu aleikumu, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, shalom, na kuendelea. Nia ni njema, lakini kila orodha ina aliyesahauliwa, na salamu hizi zina vitikio vinavyodai jibu. Mwislamu akiitikia "Amina" kwa "Bwana Yesu asifiwe" anakuwa amekiri jambo. Akinyamaza anaonekana ananuna. Mshereheshaji atumie salamu ya kawaida tu: "Waheshimiwa viongozi, amani iwe kwenu." Kila mzungumzaji naye atoe salamu ya dini yake mara moja, waitikie wanaoijua, asirudie mara tatu kudai sauti kubwa zaidi.

Hatua ya 6: Sala

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo tukae kidogo.

Zipo njia tatu zinazofanya kazi. Ya kwanza ni ukimya: sekunde 60 kamili kwa saa, watu wamesimama, mshereheshaji amefunga mdomo. Ya pili ni kila dini kusali kwa zamu, wengine wakiwa kimya kwa heshima. Ya tatu ni kila kundi kwenda mahali pake kusali, kisha wote kukutana. Mkutano wa Assisi, Italia, wa Oktoba 27, 1986, ulioitishwa na Papa Yohane Paulo II, ulitumia zote mbili za mwisho: kila kundi lilisali mahali pake, kisha wakakusanyika mbele ya basilika ya Mtakatifu Fransisko, wakasali mmoja baada ya mwingine. Kauli iliyobaki kutoka hapo inafaa kuwekwa ukutani mwa kila kamati: kuwa pamoja ili kusali, bila kusali sala moja. Hata hivyo walikuwapo walioona mpaka umevukwa, na mwaka 2011, katika kumbukumbu ya miaka 25, sala ya hadharani kwa zamu haikuwekwa. Hilo likukumbushe kwamba njia ya pili haimfai kila mtu. Ndiyo maana liko swali la 4.

Njia ya nne, ile ya kutunga sala moja "isiyomuudhi mtu" na kuisoma wote kwa pamoja, iachwe. Mkristo ataona jina la Yesu limeondolewa, Mwislamu ataona ameingizwa katika ibada isiyo yake, na Mbudha atajikuta anamwomba Muumba ambaye dini yake haimfundishi.

Ukichagua zamu, fanya hivi. Kila mmoja apewe dakika 3. Viongozi 8 ni dakika 24, pamoja na kupanda na kushuka ni nusu saa. Zaidi ya hapo watu huchoka, na uchovu katikati ya sala ya mwenzako unaonekana kama dharau. Mpangilio ni uleule wa viti. Waombe wasihubiri wala kuwaita wengine waingie dini yao. Lakini usimwombe Mkristo aache kusema "kwa jina la Yesu", wala shehe aache kumswalia Mtume. Ile ni sala yake. Ukiipunguza, umemwalika nusu.

Kisha angalia viambishi vyako. Mshereheshaji akisema "tuombe", amewafunga wote waliopo kwenye sala ya mmoja. Akisema "Padre atasali kwa taratibu za Kanisa lake, sisi wengine tutatulia kwa heshima," kila mtu amebaki huru. Silabi moja ya mwanzo ndiyo yenye kazi yote. Vivyo hivyo usiseme "na wote tuseme amina". Atakayetaka atasema.

Wakati Kurani inasomwa watu watulie, wasipite mbele ya msomaji, pasiwe na muziki nyuma yake. Baada ya sala au usomaji wa dini yoyote hakuna makofi. Kataza hilo mapema, kwa sababu mtu mmoja akianza, ukumbi mzima hufuata. Adhana ikisikika kutoka nje, msemaji anyamaze mpaka iishe. Mkalimani asitafsiri sala inapotolewa. Tafsiri iliyochapwa igawiwe kabla.

Vitendo vya ishara vinahitaji uangalifu kuliko maneno. Kuwasha taa kwa Wahindu ni sehemu ya ibada, na wapo Waislamu na Wakristo wa kiinjili ambao hawatashiriki. Uvumba, maji ya baraka, alama ya paji la uso, tambiko la kumwaga kinywaji: kila kimoja kifanywe na wenyewe, kwa ajili ya wenyewe, wengine wakishuhudia, na kamwe asitajwe mtu kwa jina kutoka jukwaani aje kushiriki. Ukitaka kitendo kimoja cha wote, pandeni mti, au wekeni sahihi kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Chakula

Waandaaji wengi hudhani nyama halali inamaliza tatizo. Haimalizi. Singasinga aliyepokea amrit haruhusiwi nyama ya mnyama aliyechinjwa kwa ibada kama hiyo. Mhindu hali ng'ombe, na wengi wao hawali nyama wala mayai. Myahudi anayeshika kosher, sheria za chakula za dini yake, hachanganyi chakula cha maziwa na cha nyama. Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini yenye asili ya India, hawali hata vitunguu, viazi na karoti, kwa sababu mmea mzima hung'olewa. Padre wa Kiorthodoksi kwenye mfungo hali nyama, mayai wala maziwa.

Njia rahisi na ya heshima ni karamu nzima ya nafaka, kunde, mboga na matunda, bila maziwa wala mayai, na sinia moja lisilo na chochote kilichong'olewa ardhini. Hakuna anayekosa. Kila sinia liwe na kijiko chake na karatasi inayoorodhesha vilivyomo, na mpishi aulizwe kuhusu mambo yaliyojificha: supu ya unga yenye mchuzi wa kuku, jelatini kwenye kitindamlo, divai kwenye rojo. Pombe isiwepo kabisa. Anayeshika kosher kikamilifu aletewe mlo uliofungwa kiwandani, wenye mhuri. Anaufungua mwenyewe na kutumia vyombo vya kutupa, kwa hiyo mhudumu mkarimu anayemfungulia na kumpakulia kwenye sahani ya ukumbi ameuharibu. Mtawa wa Theravada hajipakulii mezani: chakula hukabidhiwa mikononi mwake au kwenye bakuli lake, na aanze saa 5:00 asubuhi ili amalize kabla ya saa 6:00 mchana.

Mwaliko wa futari una kosa lake la kila mwaka. Jua linazama na hotuba bado inaendelea. Tende na maji viwe mbele ya kila mtu dakika 10 kabla. Kipaza sauti kizimwe dakika 5 kabla. Muda ukiingia watu wafuturu, wasali Magharibi kwa dakika 15 hivi, ndipo wale. Hotuba iliyobaki ingoje baada ya mlo. Wageni wasiofunga wasubiri muda huohuo na wenzao.

Hatua ya 8: Kutembelea nyumba ya ibada

Papa Benedikto XVI alipoingia Msikiti wa Bluu mjini Istanbul Novemba 30, 2006, alivua viatu, akasimama kimya kando ya mufti wa Istanbul wakielekea kibla, hakutamka sala ya sauti. Mgeni anaweza kuchukua mfano huo popote: vua kinachovuliwa, simama panaposimamwa, tulia.

Viatu huvuliwa msikitini, kwenye gurdwara, na kwenye mahekalu ya Wahindu na ya Wabudha. Weka viti na pembe za kuvalia viatu mlangoni kwa ajili ya wazee. Kichwa hufunikwa kwenye gurdwara kwa wote, sinagogi kwa wanaume, msikitini kwa wanawake. Wanaume huvua kofia kanisani, isipokuwa ni vazi la cheo chao cha dini. Vitambaa vya ziada viwe 10 hivi kwenye kikapu, safi. Usiingie gurdwara na tumbaku au pombe mfukoni, na ukiketi usinyooshe miguu kuelekea Guru Granth Sahib. Nyayo zisielekezwe kwenye sanamu ya Buddha pia.

Mgeni hupewa vitu. Kwenye gurdwara karah parshad, chakula kitamu cha baraka, hupokewa kwa viganja viwili vilivyokutanishwa, mtu akiwa ameketi. Hekaluni hutolewa prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa ibada. Ambaye dini yake haimruhusu kula chakula kilichotolewa kwa ibada aweke mkono kifuani na ashukuru, na mwenyeji aridhike. Kanisani, wakati wa komunyo, wasio wa kanisa hilo wabaki wameketi; mwenyeji awaambie hivyo kabla ya ibada kuanza, na asiwaachie kubahatisha.

Hatua ya 9: Tamko, picha na zawadi

Rasimu ya tamko itumwe siku 14 kabla, kila upande urudishe marekebisho ndani ya siku 7. Tamko linaloletwa mezani mara ya kwanza saa moja kabla ya kusainiwa halitasainiwa, na anayekataa ataandikwa magazetini kuwa adui wa amani. Hati ya Udugu wa Kibinadamu ya Februari 4, 2019, huko Abu Dhabi, ilisainiwa na wawili tu: Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb. Sahihi chache za watu walioafikiana kila neno zina uzito kuliko ishirini za kubembelezana.

Epuka sentensi kama "sote ni watoto wa Mungu mmoja". Imewatoa Wabudha na Wajaini mlangoni, na Waislamu hawatumii lugha ya wana wa Mungu. "Sisi tuliosaini hapa, kila mmoja kwa imani yake, tunakubaliana kwamba…" inawabeba wote.

Picha ya pamoja ipigwe mwanzoni, kabla watu hawajaanza kuondoka kwa ajili ya sala na safari. Mpiga picha aambiwe nani hataki kukaribiana na nani, na asiseme "sogeeni, shikaneni". Wakati wa kusujudu hapigi.

Zawadi iwe ileile kwa wote: kalamu, kitabu cha historia ya mahali, mche wa mti. Isiwe ya ngozi, kwa ajili ya Wahindu na Wajaini. Isiwe bahasha ya fedha mkononi mwa mtawa wa Theravada, ambaye haishiki. Na kitabu kitakatifu cha dini yako usikitoe kama mgeni hakukiomba, kwa kuwa kitasomeka kama wito wa kubadili dini.

Kosa likitokea, aliyekosea aombe radhi yeye mwenyewe, kwa sentensi moja, kwa sauti ya chini, papo hapo: "Shehe, niwie radhi, sikujua." Kosa la jukwaani, kama jina lililosomwa vibaya au dini iliyosahauliwa kwenye orodha, lirekebishwe jukwaani na mwenyekiti kabla ya kipengele kinachofuata, bila maelezo ya nani alichapa karatasi. Na ndani ya siku 3 barua ya shukrani iende kwa kila mmoja, ikiwa na jina na cheo vilivyoandikwa sawasawa, na karatasi ya majibu yake ya maswali saba ihifadhiwe kwenye faili kwa ajili ya kamati itakayofuata.